Mlonge na kisima cha jirani na machimbo

Dada, unauliza kama mbegu za mlonge zitaondoa zebaki kwenye kisima chenu huko Geita, jirani na wachimbaji wadogo wa dhahabu wanaotumia zebaki. Maji yatang'aa, hilo nimeliona mwenyewe: unamenya mbegu, unatwanga, unakoroga unga ndooni, na baada ya saa moja au mbili tope limelala chini. Protini ya mbegu ina chaji chanya, hivyo hunasa chembe za udongo na kuzizamisha. Zebaki iliyoshikamana na udongo huzama nayo.

Iliyoyeyuka ndiyo kasheshe. Maabara zimeonyesha mlonge na maganda ya ndizi vikinasa metali za sumu kama risasi na kadimiamu, lakini huko asidi ya maji na uzito wa unga hupimwa. Kikomo cha WHO kwa zebaki ni miligramu 0.006 kwa lita. Jicho haliwezi kuiona. Kuchemsha huua vijidudu tu.

Peleka sampuli maabara ya maji Mwanza. Kwa sasa tumia chanzo kingine, ila si mvua ya paa lililo karibu na wanakochomea dhahabu, maana moshi ule wenye zebaki hutua kwenye mabati. Na lile tope, tafadhali, usimwagie mchicha.