Goti kuuma mbele kila ukifika kilomita 30: anza na siti ya baiskeli
Ndugu, maumivu ya mbele ya goti, pale kwenye pia ya goti (kifuniko cha goti), mara nyingi sana chanzo chake ni siti iliyo chini mno. Goti linakunjwa kupita kiasi na pia ya goti inagandamizwa kila mzunguko wa pedali. Kabla ya kununua bandeji, pima. Egemea ukuta ukiwa juu ya baiskeli, na viatu vyako vya kuendeshea, kisha weka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa: mguu unyooke bila nyonga kuinama upande. Ukirudisha sehemu pana ya wayo kwenye pedali, goti libaki limekunjwa nyuzi 25 hadi 35. Pandisha milimita 3 hadi 5 tu, uendeshe siku kadhaa, ndipo uongeze. Bandika tepu kwenye bomba la siti ujue ulipoanzia. Usipitilize tafadhali: siti ikiwa juu mno, maumivu huhamia nyuma ya goti na nyonga huyumba. Gia nzito nazo huumiza. Kwenye tambarare tumia gia nyepesi, zungusha pedali mara 80 hadi 90 kwa dakika. Goti likivimba au likikwama, acha kuendesha, muone mtaalamu wa fiziotherapia.