Aandikwe Rama tu au Ramadhani?

SWALI: Shikamoo shangazi. Natarajia mtoto wa kiume mwezi ujao inshallah, sasa mume wangu anataka kwenye cheti cha kuzaliwa tuandike Rama, basi, eti mtaani watamwita hivyo hivyo hata tufanyeje. Mama mkwe kanuna, anasema hilo jina la kijiweni. Inafaa kweli? – Mama kijacho, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu, hongera. Kufaa linafaa, hata Uingereza Prince Harry jina lake la cheti ni Henry, ila mwanae aliyezaliwa 2019 kaandikwa Archie moja kwa moja, sio Archibald, na maisha yanaenda.

Shida ya Rama ni makarani. Kila atakayeliona atajua umekatisha, atakumalizia hiyo "dhani" kwa nia njema kabisa, alafu cheti cha kuzaliwa cha RITA kinasema Rama, cha darasa la saba Ramadhani, siku anafuata kitambulisho cha NIDA ndo mnaanza kuhangaika na wakili na viapo. Eddy au Jimmy wala hasumbuliwi hivyo, hamna wa kummalizia.

Mi ningeandika Ramadhani, nyumbani mkamwita Rama toka siku ya kwanza. Mumeo hapotezi kitu hapo. Na mama mkwe nae apunguze, si ajabu huyo mwanae ni Selemani ila mtaa mzima unamjua kwa Sele! Ila malizaneni kabla ya akika, msije mkabishana mbele ya shehe na pilau lipo jikoni.