Kabla ya kupakia boti la msaada, uliza sufuria ziko wapi

Novemba 2020 vimbunga viwili viliipiga pwani ya Karibi ya Nikaragua ndani ya wiki mbili. Eta kilitua tarehe 3, Iota kikafuata tarehe 16, vyote vya daraja la nne, tena mahali vilipotua hapajaachana hata kilomita 30. Huko ni kwa Wamiskito, wenyeji wa asili wa pwani ile. Nilifika wiki chache baadaye kujitolea. Kazi yetu ilikuwa kutoa shehena Bilwi, mji ambao ramani nyingi huuandika Puerto Cabezas, na kuipeleka kwa boti hadi vijiji vya kusini ambako gari halifiki.

Safari ya kwanza tulibeba mchele, maharage, unga na mafuta. Tuliona tumekamilisha. Mama mmoja wa makamo alipokea mgao wake, akasimama nao kifuani, kisha akamwambia mkalimani maneno machache. Mkalimani alisita kabla ya kututafsiria: anauliza apikie nini. Bahari ilikuwa imeingia kijijini na kuondoka na kila kitu cha jikoni. Kisima kimeingiwa na chumvi, kuni zimeloa, na sisi tumempa maharage makavu yanayotaka saa kadhaa motoni. Niliona aibu ambayo hadi leo sijaisahau.

Kwa hiyo ukipata nafasi ya kwenda kwenye kazi kama hii, orodha itoke kijijini, isitoke ghalani kwenu. Tangulia na mtu mmoja au wawili, mkae na wenyeji kabla ya kupakia chochote. Kwa Wamiskito kila kijiji kina wihta, mzee anayeamua mashauri, na yuko mchungaji. Msomaji wa Mbeya au Tabora atashangaa kama mimi niliyezaliwa Rungwe: kanisa lenye mizizi huko ni la Moravian, kama kwetu, liko pwani ile tangu 1849. Hao wanajua nani mjane, nani analea wajukuu peke yake. Lakini usiishie kwa wanaume. Habari ya sufuria hakuna mzee aliyetuambia, aliisema mama.

Kuhusu boti, msikilize nahodha hata kama wewe ndiye uliyelipia mafuta. Maboti ya kule ni membamba, ya faiba, mashine nyuma, hayana paa. Hatari kubwa iko kwenye mlango wa mto, pale mchanga umejaa na mawimbi yanapasuka. Nahodha wetu alitaka tuondoke alfajiri, upepo haujakaza. Siku moja tulimchelewesha kwa sababu ya kupiga picha na kuhesabu maboksi. Mlangoni wimbi lilipanda omo, mbele ya boti, tukafua maji kwa ndoo, na magunia matano ya mchele yakalowa chumvi. Tangu hapo mchele tuliutia kwenye mapipa yenye vifuniko, vizito vikakaa chini katikati, na dawa zikafungwa mifuko miwili miwili.

Nguo za mitumba ziacheni, hasa makoti. Zinakula nafasi ya turubai, mabati, misumari na nyundo. Bebeni dawa ya kusafishia maji, ndoo zenye mifuniko, viberiti vilivyofungwa vizuri, nyavu na ndoana. Mvuvi akirudi baharini, watoto wake wanakula samaki, hawangoji boti lenu.

Siku nne baada ya safari ya kwanza tulirudi na sufuria. Ukizipanga moja ndani ya nyingine hazichukui nafasi kabisa. Zilikaa chini ya kiti cha mbele. Yule mama alizigeuza moja moja, akagonga matako ya kila sufuria kwa kidole kusikia uzito wa bati, akachagua kubwa yenye mfuniko. "Tingki pali," akasema, yaani asante sana. Kisha akaomba maji katika dumu letu, akaloweka maharage.