Nesi hajui kama niliwahi kutengenezwa fistula

*Shikamoo shangazi. Nina miaka 25, naishi Nkuhungu, Dodoma. Niliolewa kijijini nikiwa na miaka 17. Nilishikwa na uchungu siku mbili nyumbani, mtoto akafariki, nikabaki navuja mkojo. Mume akanirudisha kwetu. Baadaye nilifanyiwa operesheni Dar es Salaam, nikapona. Sasa nimeolewa tena, nina mimba ya miezi minne. Mume wangu anajua niliachika, hajui habari ya mtoto wala fistula. Tulipokwenda wote kliniki, nesi aliuliza mimba ya ngapi, mume wangu akadakia, "Ya kwanza." Akauliza kama nimewahi kupasuliwa, nikasema hapana. Mama mkwe anataka nikajifungulie kwake kijijini, Chemba. Nikinyamaza kuna ubaya? Mwenye Siri.*

Marahaba, mwanangu. Pole sana kwa mtoto wako. Katika barua yote sioni mahali ulipopata nafasi ya kumlilia.

Ubaya upo, tena mkubwa. Rudi kliniki wiki hii, peke yako, ukarekebishe majibu yale mawili. Usingoje tarehe uliyopangiwa.

Fistula yako ilitokea kwa kuwa kichwa cha mtoto kilikandamiza nyama za kibofu na njia ya uzazi kwa muda mrefu, damu ikashindwa kupita, nyama zikafa, pakabaki tundu. Hukurogwa, wala hukuwa na tabia mbaya. Daktari aliliziba, lakini pale aliposhona pana kovu, na kovu halitanuki vizuri. Ukisukuma mtoto kwa njia ya kawaida panaweza kuachia, ukarudi kule kule. Ndiyo maana mwanamke aliyetengenezwa fistula hushauriwa kujifungua kwa upasuaji uliopangwa mapema.

Linalonitisha zaidi ni hili. Aliyewahi kujifungua kwa operesheni ana kovu tumboni. Hata akificha, mkunga ataliona akimpima. Fistula nyingi hutengenezwa kwa kupitia ukeni. Kama yako ilifanywa hivyo, tumboni huna alama yoyote. Ukifika leba saa nane usiku na kadi inasema mimba ya kwanza, hajawahi kupasuliwa, mkunga atakuambia usukume, naye hatakuwa na kosa.

Najua humwogopi nesi, unamwogopa aliyekaa kiti cha pembeni. Wenza kwenda kliniki pamoja ni jambo jema na ninaliunga mkono, lakini maswali ya uzazi uliopita ungepaswa kuulizwa ukiwa peke yako. Mwambie hivi: "Sista, siku ile nilijibu vibaya kwa sababu mume wangu alikuwepo. Niliwahi kuzaa, mtoto akafariki, nikapata fistula, nikatengenezwa. Yeye hajui, naomba asielezwe." Inatosha. Kutunza siri ya mgonjwa ni maadili ya kazi yake, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti. Kama bado una karatasi ya hospitali iliyokutengeneza, ibebe. Kama huna, taja hospitali na mwaka.

Kadi ndiyo ngumu, maana unarudi nayo nyumbani. Zungumza na nesi maelezo marefu yabaki kwenye faili la hospitali, na kwenye kadi paonekane walau kwamba utajifungulia hospitali kwa upasuaji. Usiombe iachwe ilivyo. Ukizidiwa ukiwa mbali, ndiyo itakayokusemea. Mumeo akiuliza, kumwambia daktari ameshauri hivyo si uongo, ila jibu hilo halitamtosha muda mrefu. Mimi ningependa alisikie jambo hili kutoka kinywani mwako, siku utakayoichagua wewe. Hilo linaweza kusubiri kidogo. La kliniki haliwezi.

Na Chemba usiende kujifungulia kijijini, hata kama zahanati ipo mlango wa pili. Zahanati haifanyi upasuaji. Baki mjini, uandikishwe hospitali ya mkoa (General) au Hospitali ya Benjamin Mkapa, na mama mkwe aje yeye kukuangalia uzazi. Uchungu ukianza kabla ya tarehe ya operesheni, au mkojo ukianza kukutoka bila kujua, nenda hospitali saa hiyo hiyo, iwe mchana au usiku.