Re: Injinia kuhamia sheria ya hataza, nianze upya?

Ndugu, umeuliza kama injinia wa mitambo mwenye miaka 31 hapo Jinja, Uganda, lazima arudi chuoni ili afanye kazi ya hataza (haki ya kisheria inayolinda uvumbuzi). Inategemea unataka kukaa upande gani wa meza.

Ukitaka kusimama mahakamani, hakuna njia ya mkato: shahada ya sheria, Makerere ni miaka 4, kisha diploma ya uwakili pale LDC, chuo cha mafunzo ya uwakili. Mimi nisingekimbilia huko kwanza.

Kazi yenyewe ni kuandika madai, yaani sentensi za ombi zinazotaja ni kitu gani hasa kinacholindwa, na hapo injinia ana mtaji. Chukua mashine ya kukoboa kahawa. Ukiandika "kifuniko kilichofungwa kwa skrubu nne", jirani atafunga tatu na kukuponyoka. Andika "kilichofungwa kwa kifungio", umembana. Lakini ukipanua mno utagongana na mashine ya zamani, na ombi litakataliwa. Wakili asiyewahi kushika spana huipata hiyo kwa taabu (wenzangu mawakili mnisamehe).

Anza na kozi ya bure mtandaoni, DL-101, ya WIPO, shirika la Umoja wa Mataifa la mali ya ubunifu. Kisha soma Sheria ya Mali ya Viwanda ya Uganda ya 2014, halafu maombi yaliyochapishwa na ARIPO, shirika la Afrika linalopokea maombi ya hataza, ukiyasoma madai tu. Ukinogewa, Africa University kule Mutare, Zimbabwe, wana shahada ya uzamili ya mali ya ubunifu.

Kazi ya kiwandani usiiache bado. Maombi ya hataza hapa kwetu ni machache, na kodi ya nyumba haingoji.