Nilimwona kwa macho yangu, na hakuwa yeye

Miaka sita iliyopita, stendi ya Mbagala Rangi Tatu, saa moja kasorobo jioni, nilimnyooshea kidole kijana mmoja nikasema, "Ni huyu." Kibaka alikuwa amenikwapulia simu dakika chache kabla, nikiwa nagombania mlango wa daladala. Nilikuwa na uhakika wa kuapa msikitini. Watu hawakuniuliza mara ya pili. Kufumba na kufumbua kijana yuko chini, kandambili moja mguuni, nyingine mtaroni, na mtu mzima na akili zake keshaokota tofali.

Aliyemwokoa ni mama muuza chipsi. Alikuja na mwiko mkononi, anasukuma watu kwa mabega, anapiga kelele: "Huyo yuko kwangu muda wote! Mayai yake haya hapa hata sijayageuza!" Wakaenda kutazama. Kweli, kwenye kikaango kulikuwa na chipsi mayai, juu bado mbichi, na kwenye benchi kofia ya yule kijana na soda aliyokwisha kuifungua.

Wiki iliyofuata nilirudi kumwomba radhi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Dada, ulinitazama usoni kabisa." Sikuwa na jibu.

Nalielezea hili kwa sababu nasikia kila siku mtu akisema "nimeona kwa macho yangu haya", na mazungumzo yanaishia hapo. Mimi niliona kwa macho yangu. Sikudanganya, sikuwa na chuki na mtu, na bado nusura niue.

Nimeyafikiria sana macho yangu ya jioni ile. Kwanza, mwanga. Dar jua likishazama giza haliulizi mtu. Mwanga ukipungua, sehemu za jicho zinazotambua rangi hulegea, zikabaki zile zinazoona maumbo tu, na nyekundu ni miongoni mwa rangi za mwanzo kufifia. Mtaalamu wa Kicheki, Jan Purkyně, alilieleza jambo hili karne ya 19. Wauza vitenge wa Kariakoo wanalijua kwa namna yao: ukibishana nao kama kitambaa ni cheusi au cha bluu iliyokolea, watakwambia kitoe nje ukitazame juani. Mimi nilikuwa natafuta mtu wa fulana nyeusi. Leo siwezi kukwambia fulana ya yule kibaka ilikuwa ya rangi gani.

La pili ndilo linaloniuma zaidi. Uso wa kibaka sikuuona. Niliona mkono, mgongo na kitambaa kikikimbia. Kisha sauti kwenye umati ikaniuliza, "Ni yule wa fulana nyeusi pale?" Nikageuka, nikamtazama kijana, na papo hapo nikaukumbuka uso ambao sikuwahi kuuona. Swali lile ndilo lililonipa uso, kichwa changu kikaupokea kama chake.

Imamu Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 1111, alilichunguza kwa undani jambo hili la macho kutudanganya. Kivuli, alisema, ukikitazama kimesimama tuli. Rudi baada ya saa moja utajua kinatembea. Nyota unaiona ndogo kama sarafu ya dinari, na hesabu zinaonyesha ni kubwa kuliko dunia. Nikamkumbuka mama muuza matunda wa mtaani kwetu, anayehamisha beseni lake la maembe tangu asubuhi mpaka alasiri akifuata kivuli cha ukuta. Hajawahi kukiona kikisogea, lakini maembe yake hayaungui.

Wapo wanaosema basi milango ya fahamu haifai kuaminiwa hata kidogo. Hapo siafikiani nao. Kivuli kinajulikana kwamba kimehama kwa macho yaleyale, yaliporudi kutazama tena. Na kijana aliokolewa na yai lililoonwa kwa macho.

Marehemu mama yangu alinifundisha kununua samaki pale Feri. Hakutazama tu. Alifunua matamvua kuona kama bado ni mekundu, akaangalia jicho kama limetuna au limezama, akabonyeza ubavuni kwa kidole gumba na kungoja: nyama ikirudi, sawa, shimo likibaki, anamrudisha bila maneno. Mwisho alinusa. Muuzaji akimharakisha, anaondoka. Jicho lilipewa nafasi ya kusema, lakini kidole na pua navyo vilisikilizwa. Samaki wa elfu tano alipimwa mara nne. Mimi binadamu nilimpima mara moja, gizani, nikitetemeka.

Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilikwisha kulisema hili mwaka 1980: ushahidi wa kumtambua mtu kwa kuona ni dhaifu kuliko aina nyingine na hautegemeki, usitumike kumtia mtu hatiani mpaka kila uwezekano wa kukosea uondolewe. Ikataja mambo ya kuulizwa, na hayo ndiyo nakuomba uyashike. Ulimtazama kwa muda gani? Kutoka umbali gani? Kulikuwa na mwanga wa namna gani? Ulikuwa unamfahamu kabla? Mimi ningejibu: sekunde mbili, mgongoni, jua limezama, simjui. Nikiongeza langu, ningejiuliza pia nani alisema kwanza, jicho langu au mtu wa pembeni.

Jizoeze kwenye mambo madogo: mtoto anayeshtakiwa sukari, dada wa kazi anayedaiwa elfu kumi iliyopotea. Kabla hujasema "nimemwona", tenganisha ulichokiona na ulichokijazia. Ni kazi ngumu, hasa ukiwa na hasira, na hasira ndiyo huwa ipo.

Mwezi uliopita bodaboda iligongana na gari mbele yangu, barabara ya Kilwa. Askari wa usalama barabarani akaniita shahidi. Waliosimama karibu yangu walishasimulia nani alimfuata nani. Nikamwambia nilisikia mshindo nikiwa natazama dukani, nilipogeuka pikipiki ilikuwa tayari chini na gari limesimama. Kugongana kwenyewe sikukuona. Mwenye gari akanikasirikia, mwenye boda naye vilevile. Askari aliandika hivyohivyo, akanisomea, nikatia sahihi.