Kwa fundi wa Tanga anayekwenda kutunza umeme wa jua jangwani

Wadogo zangu mafundi, hasa ninyi mliojifunza kazi kwa kufunga sola kwenye nyumba za Pongwe, Sahare na Mabokweni na sasa mmepata mkataba wa kwenda Omani, ninawaandikia kwa sababu nilitangulia njia hiyo. Nilikaa miaka minne katika mkoa wa Al Wusta, nikitunza mitambo midogo ya sola inayolisha minara ya mawasiliano iliyo mbali na gridi, na mazoea mengi niliyotoka nayo nyumbani ilinibidi niyaache huko.

Elewa kwanza kwamba chakula cha paneli ni mwanga, na joto ni adui yake. Nguvu iliyoandikwa nyuma ya paneli imepimwa seli zikiwa na nyuzijoto 25 za Selsiasi, na katika paneli nyingi za silikoni kila nyuzijoto moja inayozidi hapo hupunguza nguvu kwa asilimia 0.3 hadi 0.4. Mchana wa Juni, joto la kivulini likifika 45, seli zenyewe huweza kufika 70, na hapo paneli ya wati 400 hutoa kama wati 330 tu ingawa kioo ni safi na jua liko utosini. Fundi mgeni huiona namba hiyo akaanza kufungua paneli nzima akitafuta ubovu usiokuwapo. Kinyume chake hutokea alfajiri ya Januari: paneli zikiwa zimepoa, volti hupanda kupita ile iliyoandikwa, na aliyeziunganisha nyingi kwa mfululizo bila kuipigia hesabu baridi hiyo anaweza kuunguza inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe wa kutumika kwenye vifaa vya kawaida) asubuhi tulivu kabisa.

Hata hivyo, kilichoniumiza zaidi ni betri, na hapa naomba msome polepole. Betri za risasi na asidi hupoteza takriban nusu ya umri wake kwa kila nyuzijoto 10 zinazozidi 25, hivyo betri ambayo ingedumu miaka minane mahali penye ubaridi inaweza kufa baada ya miaka miwili hivi ikikaa kwenye joto la 45 muda wote. Zaidi ya hapo, betri yenye joto inatakiwa ichajiwe kwa volti ndogo zaidi: kila seli hupunguziwa milivolti 3 hadi 5 kwa kila nyuzijoto, na kwa kuwa betri ya volti 12 ina seli sita, tofauti ya nyuzijoto 20 inakaribia nusu volti. Kidhibiti chaji, ambacho wengi wetu tunakiita kontrola, hufanya marekebisho hayo chenyewe, ila kinategemea kihisi joto kimweleze ukweli. Katika kituo kimoja nilichokabidhiwa, kihisi hicho kilikuwa kimefungwa ukutani karibu na mdomo wa kiyoyozi, ilhali betri zilikuwa kwenye kona ya kontena iliyopigwa na jua la alasiri. Kontrola ikaamini kwamba betri ziko baridi na ikaendelea kuzichaji kupita kiasi. Nilisoma namba za kwenye kioo chake kwa wiki saba, zote zikionekana nzuri, wala sikuwahi kuweka kiganja changu ubavuni mwa betri. Nilipofanya hivyo zilikuwa zimekwisha kuvimba, na mnara ulizimika usiku uliofuata. Tangu siku ile, ninapofika kituo chochote, kabla ya kusoma mita yoyote hupima joto la kila betri, huhakikisha kihisi kimegandishwa kwenye mwili wa betri, kisha huangalia kivuli cha kontena kinaangukia wapi saa kumi alasiri.

Kuhusu vumbi, sisi wa pwani tumezoea kuiachia mvua ya masika ituoshee paneli. Jangwani hakuna mvua ya kuitegemea, lakini unyevu upo, na huo ndio unaoleta kazi. Upepo wa msimu tunaouita kusi, ukishavuka ikweta, hufika pwani ya Omani na kusukuma ukungu hadi ndani katika uwanda wa Jiddat al-Harasis. Ukungu huo hulowesha vumbi usiku, jua la asubuhi hulikausha, na baada ya siku chache linakuwa tabaka gumu mithili ya plasta, ambalo upepo hauliondoi tena. Kwa hiyo vumbi kavu lifagiliwe mapema kwa brashi laini, kabla halijashika. Maji yakihitajika, osha alfajiri au usiku: maji baridi yakimwagwa kwenye kioo kinachochoma huweza kukipasua. Maji ya visima vya huko mara nyingi yana chumvi nyingi, nayo huacha madoa meupe yanayozuia mwanga kuliko hata vumbi lililoondolewa, basi tafuta maji yaliyosafishwa madini.

Koneta za paneli zisichanganywe za watengenezaji tofauti hata kama zinaingiana, kwa maana mshiko hafifu hupata joto na unaweza kuwaka moto, na kamwe usichomoe koneta wakati mkondo unapita. Vifungo vya plastiki vya kushikia nyaya hukatika kwa jua baada ya muda mfupi. Tumia vya chuma kisichoshika kutu. Ethi, yaani chuma kinachozikwa ili kupeleka umeme wa hatari ardhini, nayo inataka subira, kwa sababu mchanga mkavu haupitishi umeme vizuri, na chuma kimoja kifupi kinachotosha kwenye udongo wetu wa Muheza hakitatosha kule. Pima ukinzani, ongeza vyuma au chimba zaidi, kisha pima tena.

Jilinde na mwili wako pia. Sheria ya Omani inakataza kazi za nje juani kuanzia saa sita na nusu hadi saa tisa na nusu mchana katika miezi ya Juni, Julai na Agosti, na msimamizi akikuambia upande juu ya fremu saa hizo, mkatalie kwa adabu. Mimi saa hizo nilikaa kivulini na daftari, nikiandika volti za kila betri, joto lake, na tarehe ya mwisho ya kusafisha kila safu ya paneli. Daftari hilo ndilo lililonionyesha, mwaka wa tatu, betri moja iliyokuwa ikishuka kidogo kila wiki kuliko wenzake, nikaibadilisha kabla haijawavuta wengine.